Viatu Vikuukuu vya Wagibeoni

Sura ya 9 ya kitabu cha Yoshua inatupa habari za watu wa Gibeoni waliofika kambini Gilgali wakiwa wamevaa viatu vikuukuu vyenye viraka. Magunia yao yalikuwa yamechakaa, viriba vyao vya divai vilikuwa vimepasuka na kushonwa, na mkate wao ulikuwa mkavu, umeota ukungu. Walisema wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli wakautazama mkate, wakauonja, wakaridhika. Hawakumwuliza Bwana. Wakafanya agano na wageni wale na kuwaapia. Siku tatu baadaye wakapata habari kwamba wageni wao walikuwa majirani.

Tunaanza na Wagibeoni kwa sababu tumewaona kwa macho yetu. Sisi tunaoandika ni walimu na wachungaji tunaosimamia tasnifu za wanafunzi wa theolojia, na kwa miaka hii michache wageni wa namna ile wamekuwa wakiingia katika kurasa za mwisho za kazi tunazosahihisha. Wana jina la mwandishi, mwaka, jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa. Wana kila alama ya safari ndefu. Ukiwafuata hadi nyumbani kwao, hakuna nyumba.

Mmoja wa wanafunzi wetu, mchungaji wa usharika wa kijijini, aliandika juu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuvuka mipaka hadi Tanganyika na Kenya. Alikuwa amefanya kazi njema. Alipanda milima kwa miguu akiwahoji wazee, na miongoni mwao alikuwemo bibi aliyepita miaka themanini na mitano, ambaye alikuwa binti mdogo siku wazazi wake walipoungama mbele ya watu na kurudisha mali za jirani. Ushuhuda ule haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa dhahabu tupu.

Lakini mwongozo wa chuo ulidai marejeo yasiyopungua thelathini, naye alikuwa na kumi na mawili. Usiku mmoja aliiomba programu ya akili mnemba kwenye simu yake impatie makala za kitaaluma kuhusu mada yake. Ikampa kumi na nane kwa dakika moja. Akazibandika. Mtahini wa nje alijaribu kuzitafuta nane kati ya hizo, asipate hata moja. Mojawapo ilikuwa imepewa jina la mwanatheolojia mashuhuri wa Kiafrika ambaye hakuwahi kuandika makala ile.

Kilichofuata ndicho kinachotuuma hadi leo. Mtahini hakuishia kwenye marejeo. Aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: kama vitabu hivi havipo, je, bibi huyu yupo? Mwanafunzi wetu akaagizwa arudi akathibitishe mahojiano yote. Alipofika kwa bibi yule na kumwomba aeleze tena, bibi akamtazama akasema, "Baba Mchungaji, kwani mara ya kwanza hamkuniamini?" Alituambia hakuwa na jibu. Mashahidi wa uongo kumi na nane walikuwa wamemchafua shahidi mmoja wa kweli.

Msimamo wetu ni huu. Rejeo ni ushahidi. Anayeandika rejeo la kazi ambayo hakuisoma, huku akijifanya ameisoma, ametoa ushahidi wa uongo, hata kama kazi yenyewe ipo. Akili mnemba inaweza kututafutia shahidi, lakini haiwezi kuwa shahidi, wala haiwezi kubeba hatia yetu tunapoleta shahidi tusiyemjua.

Jinsi viatu vinavyochakazwa

Wengi wanaotumia zana hizi hudhani kwamba ndani yake mna maktaba kubwa, na kwamba mtu akiuliza, mashine hupanda ngazi na kushusha kitabu. Sivyo. ChatGPT, iliyotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na ndugu zake waliofuata, zimejengwa juu ya programu iliyosomeshwa maandishi mengi mno hadi ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza habari ambayo watu wengi wameiandika, maneno yanayofuatana huwa ya kweli mara nyingi. Ukiiuliza habari ambayo wachache wameiandika, hainyamazi. Inaendelea kupanga maneno yanayofanana na ukweli. Jina la mwandishi hufuatwa na mwaka, mwaka hufuatwa na kichwa cha makala, nacho hufuatwa na jarida na kurasa. Mashine imejifunza sura ya rejeo kama mshonaji aliyejifunza sura ya kiatu cha msafiri. Hakuna aliyekanyaga barabara kwa kiatu kile.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti uliochunguza marejeo 636 yaliyotolewa na ChatGPT. Katika yale yaliyotoka kwenye toleo la GPT-3.5, asilimia 55 yalikuwa ya kubuni. Katika toleo la GPT-4, asilimia 18. Na hata miongoni mwa yale ya kweli, mengi yalikuwa na makosa ya kweli kweli.

Mahakama nazo zimeonja mkate huo. Juni 2023, jijini New York, jaji aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu sita zisizokuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza mashine yenyewe kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ni za kweli. Januari 2025 Mahakama Kuu ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ilitoa uamuzi kuhusu hoja zenye kesi tisa, na ni mbili tu zilizoonekana kuwepo. Kama watu wanaoapa mbele ya jaji wamenaswa, mwanafunzi aliye peke yake usiku wa manane, akiwa na tarehe ya mwisho asubuhi, atanusurikaje?

Tena, mashine hutunga zaidi pale ilipolishwa kidogo, na ni kidogo mno kilichoandikwa kwenye intaneti kuhusu sharika zetu, wainjilisti wetu wa kwanza, nyimbo zetu na migogoro yetu. Ukiiuliza habari za Martin Luther, itakujibu vizuri kiasi. Ukiiuliza habari za mwinjilisti aliyeleta Injili katika kata yako, itakujibu kwa ufasaha uleule na kwa ujasiri uleule, na pengine hakuna neno moja la kweli. Sisi ndio tunaodanganywa zaidi.

Tunajibu wanaosema ni chombo tu

Wapo ndugu zetu wanaotuambia tunakuza mambo. Akili mnemba ni chombo, wanasema, kama kikokotoo au kalamu. Kosa ni la mtumiaji.

Tunakubali nusu ya maneno hayo. Hatia ni ya mtumiaji, naam. Lakini kikokotoo hakimwambii mtu kwamba saba mara nane ni hamsini na tisa kwa sauti ya profesa. Kalamu haiandiki jina la mwandishi ambaye hukumtaja. Chombo hiki kinajibu kwa lugha ya mtu, kwa heshima na uhakika, na moyo wa mwanadamu umezoea kumwamini asemaye kwa utulivu. Kukiita chombo tu, bila kusema ni chombo cha namna gani, ni sawa na kumpa mtoto panga na kumwambia ni chuma tu.

Wengine husema mashine zinaboreka: kutoka 55 hadi 18 ni hatua, na kesho itakuwa mbili. Tunafurahi kama ni hivyo. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Mjumbe anayekudanganya kila siku hatakudhuru sana, kwa sababu hutamsadiki. Mjumbe wa kuogopwa ni yule anayesema kweli mara tisini na nane, kwa maana siku ya tisini na tisa umekwisha kuacha kuuliza. Kadiri uongo unavyopungua ndivyo ukesha unavyopungua.

Tena zipo zana mpya zinazotafuta kwenye intaneti na kuweka viungo chini ya kila sentensi. Hizo ni afadhali, nasi tunazitumia. Lakini tumefungua viungo hivyo na kukuta makala ipo, mwandishi yupo, ila maneno yaliyowekwa kinywani mwake hayamo. Shahidi ni wa kweli, ushahidi ni wa kubandikwa. Mtu wa namna hiyo ni mgumu zaidi kumkamata, kwa sababu nyumba yake tumeiona tukaridhika bila kubisha hodi.

Na hata muhtasari usio na kosa hautoshi. Tuchukue mfano wa John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, na kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Mwanafunzi akiomba muhtasari atapewa sentensi moja: Mbiti alisema kwamba Mwafrika hana wakati ujao ulio mrefu. Atainukuu, mara nyingi kwa hasira, na kwenda zake. Anayekisoma kitabu atakuta kwamba Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba hoja yake aliijenga juu ya njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Hapo ndipo mlango unapofunguka. Mwanafunzi Msukuma, Mnyakyusa au Mtaita anaweza kusema: ngoja nichunguze vitenzi vya mama yangu. Kwame Gyekye wa Ghana alifanya hivyo hivyo, akampinga Mbiti kwa lugha ya Kiakan. Muhtasari ulimpa mwanafunzi maneno ya kurudia. Kitabu kilimpa kazi ya kufanya.

Tunajibu wanaosema ni ya shetani

Upande wa pili wako ndugu zetu wengine, na baadhi yao wameketi katika mabaraza ya vyuo, wanaotaka tupige marufuku. Tunaelewa hofu yao, lakini hatukubaliani nao.

Kwanza, marufuku haitekelezeki. Mashine imo katika simu iliyo mfukoni, na sasa imo hata ndani ya programu za kuandikia na za kutafutia. Sheria tusiyoweza kuisimamia inawafunza wanafunzi kuficha tu, na mwanafunzi anayejificha hawezi kuulizwa wala kuelekezwa.

Pili, kwa wengi wa wanafunzi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu. Wanafikiri kwa Kihehe, wanahubiri kwa Kiswahili, wanatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Zana inayowasahihishia viambishi na kuwaeleza aya ngumu ni msaada, nasi tuliosomeshwa ng'ambo na kusahihishiwa kazi zetu na marafiki wenye lugha hatuna uso wa kuwanyima.

Tatu, na hili ni zito zaidi, marufuku imezaa mahakama ya ajabu. Vyuo vimeanza kutumia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, na mwanafunzi anahukumiwa kwa asilimia iliyotokea kwenye kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 matokeo ya kupima programu saba za namna hiyo kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisemwa kuwa ni za mashine. Kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya utambuzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama mtengenezaji mwenyewe hawezi kuitambua sauti ya mtoto wake, sisi tunamfukuza mtoto wa mjane kwa ushahidi gani?

Torati haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Ilidai wawili au watatu, nao wahojiwe. Nabothi wa Yezreeli alipoteza uhai na shamba lake la mizabibu kwa barua zenye muhuri wa mfalme na mashahidi wawili wa kukodiwa. Mwalimu anayemwangusha mwanafunzi kwa namba ya programu asiyoielewa, bila kumwita na kumwuliza juu ya kazi yake, ametumia muhuri wa chuo kwa namna ileile. Njia ya haki ni ya zamani na haina gharama: mkalishe, mwulize umesoma nini, kitabu hiki kiko wapi, ukurasa huu unasema nini. Aliyesoma atajibu. Asiyesoma atajulikana kabla chai haijapoa.

Dhambi yetu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kwa wanafunzi na mashine. Nani aliyeandika kwamba tasnifu iwe na marejeo thelathini? Ni sisi. Nani aliyehesabu marejeo badala ya kuyasoma? Ni sisi. Kwa miaka mingi, kabla ya akili mnemba, wanafunzi walichukua orodha kutoka mwisho wa kitabu cha mtu mwingine na kuiweka mwisho wa kazi yao, nasi tukaweka alama ya vyema. Mashine haikuleta uongo huu. Iliukuta umeketi sebuleni, ikaupa kasi.

Tulidai wingi katika vyuo ambavyo rafu zake zina vitabu vya michango, vingine vya miaka ya 1960, vingine vya lugha ambayo hakuna mwanafunzi anayeisoma. Tulimpa bibi yule wa milimani thamani ndogo kuliko makala ya jarida la Ulaya. Mwanafunzi wetu alijifunza kutoka kwetu kwamba ushuhuda wa mzee wa kanisa ni kiporo na rejeo la Kiingereza ndilo wali. Alipokosa wali, alipika wa udongo.

Kwa hiyo tunatubu kwanza sisi. Na toba ina matendo. Tunawasihi wenzetu wa vyuo vyote vya kanisa waondoe idadi katika miongozo yao. Afadhali marejeo kumi na mawili yaliyosomwa kuliko thelathini yaliyoorodheshwa. Tunawasihi wapokee mahojiano, kumbukumbu za vikao vya usharika, vitabu vya ubatizo na barua za zamani kuwa vyanzo vya heshima, vyenye tarehe, mahali na saini. Luka mwenyewe, anapomwandikia Theofilo, anasema amefuatilia habari tangu mwanzo kutoka kwa walioona kwa macho. Huyo ni mtafiti wa mahojiano.

Wapasua kuni na wateka maji

Turudi Gibeoni. Ulipogundulika udanganyifu, Israeli hawakuwaua wale watu. Yoshua aliwaweka kuwa wapasua kuni na wateka maji kwa ajili ya kusanyiko na madhabahu ya Bwana. Wagibeoni walikuwa wanadamu kama sisi, nasi hatuwafananishi na mtambo. Tunachojifunza ni kupanga kazi. Yupo anayekata kuni, na yupo anayesimama mbele ya madhabahu. Akili mnemba inafaa kukata kuni.

Ikate kuni namna hii. Mtafiti anayeanza hajui maneno ya kutafutia. Mwulize mtambo: watu wa Uamsho waliitwaje katika lugha mbalimbali, na wanahistoria hutumia istilahi zipi? Utapata neno Balokole la Kiganda, utapata majina ya mahali kama Gahini, utapata maneno ya Kiingereza ambayo hukuyafikiria. Hayo si ushahidi. Ni funguo za kufungulia katalogi.

Kisha ondoka kwenye mtambo. Nenda katika katalogi ya maktaba, Google Scholar, African Journals Online, au orodha ya majarida huria ya DOAJ. Kile ambacho hakipatikani huko wala mahali pengine popote kinapoweza kufuatwa, usikiandike. Makala nyingi za sasa zina namba ya utambulisho iitwayo DOI. Iingize katika tovuti ya doi.org uone kama inakupeleka kwenye makala ileile au kwenye habari za magonjwa ya samaki. Kama chuo chako hakina fedha za majarida, mwulize mkutubi kuhusu mpango wa Research4Life, unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma maelfu ya majarida bure au kwa gharama ndogo. Tumekuta vyuo vyenye haki hiyo ambavyo havijawahi kuiomba. Na mkutubi mwenyewe usimpite kama mlinzi wa funguo. Yeye anaweza kukuambia kwamba hajui, jambo ambalo mtambo huliona gumu.

Ukipata kazi, ifungue. Isome. Ndipo uiandike, pamoja na ukurasa uliousoma. Kama ulisoma ikisirí tu, sema ulisoma ikisirí tu. Kama neno la mwandishi umelipata kupitia mwandishi mwingine, sema hivyo. Weka daftari: siku gani ulitumia zana gani, uliiuliza nini, ikakupa nini, ulikubali nini na ulikataa nini. Mwishoni mwa kazi yako eleza kwa sentensi mbili au tatu jinsi ulivyoitumia. Majarida makubwa yamekwisha kukubaliana kwamba mashine haiwezi kuandikwa kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika, na kwamba anayeitumia aseme. Kuungama si aibu kwetu. Ndiyo desturi ya nyumba hii.

Na kuna mambo ambayo mtambo usipewe kabisa. Mchungaji anayefanya utafiti hubeba siri za watu: nani aliungama nini, ndoa ya nani ina shida, nani aliambukizwa, nani aligombana na askofu. Akiyabandika mahojiano hayo katika programu ya kampuni ya mbali ili iyafupishe, amepeleka siri ya kondoo wake mahali asipopajua. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022. Lakini kabla ya sheria hizo kulikuwa na kiapo cha mchungaji. Bibi yule alisema na mtu aliyeketi naye jikoni, si na kompyuta ya ng'ambo.

Neno la mwisho

Tunajua jibu tutakalopewa: yote haya yanachukua muda. Ndiyo, yanachukua muda. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama mambo waliyohubiriwa na Paulo ndivyo yalivyo, na hawakusifiwa kwa upesi. Walimchunguza mtume, nao wakaitwa waungwana. Sisi tunaona taabu kuichunguza programu ya simu.

Tasnifu ya theolojia haifungwi kabatini. Inakuwa hubiri, inakuwa somo la kipaimara, inakuwa historia ya dayosisi katika kijitabu cha jubilei. Aya yenye rejeo la uongo ikiingia katika kijitabu hicho, baada ya miaka ishirini itanukuliwa kwa nia njema na kijana ambaye leo hajazaliwa, na baadaye mashine nyingine itasomeshwa kijitabu hicho na kuirudisha aya ileile kama kweli. Agano la Gibeoni lilifanywa kwa siku moja, lakini deni lake lilidaiwa hadi siku za Daudi, kwa njaa ya miaka mitatu, baada ya Sauli kulivunja.

Mwanafunzi wetu alimaliza. Tasnifu yake ina marejeo kumi na manne, mawili kati ya hayo aliyapata baadaye na kuyasoma yote. Jina la bibi yule limo katika ukurasa wa shukrani kwa ridhaa yake, na ushuhuda wake umo kama alivyoutoa, mara ya kwanza na mara ya pili, neno kwa neno. Ulilingana.

Basi kila tunapoketi kuandika, mwanafunzi na mwalimu, askofu na mwinjilisti, tujiulize kabla ya kutia saini: shahidi huyu nimemwona? Nilifika nyumbani kwake? Au niliutazama tu mkate wake wenye ukungu, nikaridhika?